Michael J. Fox Foundation: hela unayochangia inafanya nini hasa (nyota 4 kati ya 5)

Ndugu na marafiki wananiuliza sana kuhusu hii taasisi tangu baba mdogo aambiwe ana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa), basi naandika hapa wote msome. Mi nachangia kila mwezi kwa kadi, hela ya kawaida tu, risiti inaingia kwenye imeili, na kwa tulioko Marekani mchango unatambulika kwenye kodi. Upande huo hauna shida.

Cha muhimu ni kazi ya hiyo hela. Fox ni yule muigizaji aliyegundulika 1991 akiwa na miaka 29 tu jamani, akaianzisha taasisi mwaka 2000 na mpaka sa hivi imeshatoa zaidi ya dola bilioni 2 kwa utafiti. Afu hawalimbikizi, kinachoingia kinaenda kwa watafiti, na hapo ndo wamenipata kabisa maana wagonjwa wetu hawana miaka ya kusubiri.

Ila ukichangia ukitegemea dawa ya kuponya itoke kesho utaumia. Dawa kuu bado ni levodopa, ileile ya tangu miaka ya 1960, inamlegeza mtu aliyekakamaa na kumrudishia mwendo lakini seli za ubongo zinaendelea kufa chini kwa chini. Mfano exenatide, dawa ya kisukari, jaribio dogo walilolifadhili likatoa majibu 2017 tukafurahi sana, halafu likaja kubwa la Uingereza lenye wagonjwa 194, wiki 96, majibu 2025: haisaidii. Inauma kwa kweli, lakini bora kujua kuliko wazee wetu kujinunulia dawa isiyowasaidia.

Kinachonifanya nisikate mchango ni PPMI, utafiti mkubwa wa taasisi wa kufuatilia Parkinson inavyoanza na kuendelea. Tangu 2010 wanafuatilia watu miaka na miaka, wagonjwa na ambao hawajaugua, na data wanawapa watafiti wa dunia nzima. Humo ndo kilithibitishwa kile kipimo cha 2023 cha maji ya uti wa mgongo kinachoonyesha protini ya alfa-sinukleini iliyoharibika, kikawanasa karibu 88% ya wagonjwa. Zamani daktari anaangalia mkono unavyotetemeka na mtu anavyotembea, na mpaka ufike hapo seli nyingi zishakufa, sasa dawa mpya utaijaribu kwa nani ikiwa wote unaowapata wamechelewa? Kipimo kama hiki kinafungua njia ya kujaribu dawa mapema.

Nyota moja nimeibakiza kwa ajili ya Afrika. Mwaka 2023 mradi wa GP2, wa kuchunguza jeni za Parkinson duniani, ambao taasisi ya Fox inashirikiana nao, ulikuta kwa Wanaijeria na Wamarekani weusi badiliko la jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya ugonjwa, kitu ambacho kwa Wazungu hakikuonekana, yaani miaka yote hiyo tulikuwa hatuhesabiwi. Na kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wagonjwa wengi waliowakuta hawakuwa wamewahi kugundulika wala kupewa dawa. Nataka nione majaribio ya dawa yenyewe yakifanyika huko, sio kuchukua damu tu.

Kama huna hela, na una miaka 40 au zaidi, huna Parkinson na uko Marekani au Kanada, omba kipimo cha kunusa cha PPMI, wanakutumia kwa posta bure kabisa, maana pua kupoteza harufu ni dalili ya mapema sana. Watu weusi wajitokeze, tafadhalini.