Uzoefu wangu: nimelisoma Byte, jarida la kompyuta lililofungwa mwaka 1998

Toleo la kwanza nililipakua kwa bando la wiki, nikidhani skani ya gazeti kuukuu ni kitu chepesi. Bando likaisha siku hiyo hiyo. Baadhi ya matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yanapita kurasa 400, na nyingi ni matangazo. Usiyaruke. Bei za diski na kumbukumbu za kilobaiti chache tu zitakuchekesha, kisha zitakufanya uiheshimu simu yako.

Byte lilianza Septemba 1975 mjini Peterborough, New Hampshire, Marekani, likihaririwa na Carl Helmers. Enzi hizo kompyuta ya nyumbani uliiunganisha mwenyewe, kwa hiyo mwandishi anakuongelesha kama mtu mwenye chombo cha kuchomelea mkononi. Steve Ciarcia, mmoja wa waandishi wake, alikuwa akichora saketi na kueleza kila kipande kimewekwa pale kwa nini. Mimi ni fundi wa simu, na nakiri kwamba michoro yake naielewa upesi kuliko video nyingi za leo.

Kilichonishika zaidi ni habari ya kaseti. Novemba 1975 jarida liliitisha kikao Kansas City, ili watengenezaji wakubaliane namna moja ya kuhifadhi data kwenye kaseti za kawaida za muziki. Data ya kompyuta ni sifuri na moja tu: sifuri ikawa mizunguko 4 ya sauti ya hezi 1200, moja ikawa mizunguko 8 ya hezi 2400. Basi! Ukishaelewa hapo, ule mlio wa kaseti hizo wa kukwaruza masikio si kelele tena. Gazeti kuwakalisha washindani meza moja, sijui leo nani angeliweza.

Halafu kuna toleo la Septemba 1981. Humo Jim Gilbreath alitumia chekeche la Eratosthenes, njia ya kale ya kutafuta namba tasa, kupima kasi ya lugha za programu. Nikaichapa programu yake ya lugha ya C kwa mkono. Kompaila ya kisasa, yaani programu inayoigeuza C kuwa lugha ya mashine, ililalamikia uandishi wa kizamani, nikarekebisha mistari miwili mitatu, ikakubali. Jibu: namba tasa 1899, kama ilivyoandikwa gazetini. Laptopu yangu ilimaliza raundi zote 10 za kipimo hicho kabla sijainua kidole. Kwa lugha ya Basic ya wakati ule ungekwenda kunywa chai ukarudi.

Majalada yaliyochorwa na Robert Tinney nayo ni raha ya peke yake. Lile puto la Agosti 1981, toleo la lugha ya programu ya Smalltalk, wapenzi wa lugha hiyo wanalitumia kama nembo mpaka leo.

Kasoro zipo. Katika maktaba ya mtandaoni niliyotumia, maandishi yaliyosomwa na mashine yanachanganya herufi O na sifuri, l na 1. Ukinakili programu moja kwa moja utajitesa. Tazama picha ya ukurasa, uchape mwenyewe. Na matoleo ya miaka ya 1990 hayakunivuta sana: yamejaa ulinganisho wa bidhaa, fundi hana lake humo. Julai 1998, muda mfupi baada ya kampuni iliyolimiliki, McGraw-Hill, kuliuza kwa kampuni ya CMP, likatoka toleo la mwisho.

Nyota nne kati ya tano. Anza na Septemba 1981, na upakue kwa waifai ya mtu.