Shahada ya Uzamili ya Uhalifu wa Mtandaoni na Ugaidi: Tathmini ya Mwanafunzi Mmoja

Watu wakisikia kwamba nilikwenda Uingereza kusomea uhalifu wa mtandaoni na ugaidi, swali lao la kwanza huwa kama sasa naweza kuingia kwenye simu ya mtu. Siwezi, na kozi yenyewe haikuahidi jambo hilo. Nilisoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika chuo kikuu ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na walimu walionifundisha vizuri hawastahili kubebeshwa makosa ya ofisi. Nilikwenda nikiwa wakili wa miaka saba Dar es Salaam, mingi yake nikishughulikia mashauri ya miamala ya simu, na ninawaandikia wenzangu wa sheria, wapelelezi na watu wa benki wanaofikiria kutumia fedha zao, au za mfadhili, kwa masomo ya aina hii.

La kulijua mapema ni kwamba kozi hii ni ya sheria na sayansi ya jamii, si ya kompyuta. Ina krediti 180, kama zilivyo shahada nyingi za uzamili za huko, ambazo 60 ni za tasnifu inayoandikwa miezi ya kiangazi. Muhula wa kwanza tulisoma Mkataba wa Budapest wa 2001, ambao ni mkataba wa kimataifa wa uhalifu wa mtandaoni, sheria ya Uingereza ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 1990 na tafsiri ya neno ugaidi katika sheria yao ya 2000. Muhula wa pili ulikuwa wa propaganda, namna makundi yanavyovuta wafuasi, na wajibu wa kampuni za mitandao ya kijamii. Mwenzetu mmoja aliyekuja akitarajia kufundishwa udukuzi alihamia idara nyingine wiki ya tatu, na nadhani alifanya vyema.

Kama ningeulizwa ada yangu ilikwenda wapi, ningekitaja kipindi kimoja cha muhula wa pili. Mwalimu alitupa picha ya ndege wa baharini akiwa juu ya ukuta, akatutaka tuipitishe kwenye programu ndogo inayotoa heshi, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaoitambulisha faili kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Kisha akatuambia tubadili pikseli moja tu pembeni, nukta ambayo jicho haliioni, tuipitishe tena. Ndege alikuwa yule yule, ila heshi iliyotoka haikufanana na ya kwanza hata kidogo. Hapo ndipo alipotufungulia habari ya Christchurch, New Zealand, mauaji ya watu 51 misikitini tarehe 15 Machi 2019, ambayo muuaji aliyarusha moja kwa moja kwenye Facebook. Waliotazama yakirushwa hawakufika 200, lakini ndani ya saa 24 kampuni iliondoa nakala milioni 1.5, milioni 1.2 kati yake zikizuiwa wakati wa kupakiwa, na ilihesabu matoleo zaidi ya 800 yaliyotofautiana kwa mwonekano: yaliyokatwa, yaliyowekewa fremu, yaliyorekodiwa upya kwa simu kutoka kwenye skrini ya televisheni. Mitandao huitambua nakala ya faili iliyokwisha kupigwa marufuku kwa kulinganisha heshi, na kila mkato mdogo ulikuwa pikseli ya yule ndege. Kwa hiyo tuliposoma baadaye kuhusu PhotoDNA, programu iliyotengenezwa mwaka 2009 kwa ajili ya picha za unyanyasaji wa watoto na ambayo hulinganisha mwonekano wa picha badala ya faili yenyewe, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mbinu hiyo ilikuwa lazima.

Sehemu iliyonishtua ni ya usalama wa mwanafunzi mwenyewe. Kifungu cha 58 cha sheria ya ugaidi ya Uingereza kinafanya kuwa kosa kumiliki habari zinazoweza kumsaidia gaidi, na tangu marekebisho ya 2019 hata kuzitazama mtandaoni kunatosha, adhabu ikifika miaka 15. Utafiti wa kitaaluma umetajwa miongoni mwa sababu za msingi anazoweza kuzitoa mshtakiwa, lakini mwanasheria yeyote anajua kuwa utetezi ni kitu unachokitoa ukiwa tayari umekamatwa. Mwezi Mei 2008, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Nottingham alizuiliwa karibu wiki nzima kwa sababu ya mwongozo wa al-Qaeda alioupakua kwa ajili ya utafiti wake kutoka tovuti ya wizara ya sheria ya Marekani, kisha akaachiwa bila mashtaka. Tulielezwa kisa hicho siku ya kwanza kabisa. Baada yake tulisainishwa fomu, tukaonyeshwa chumba chenye kompyuta mbili zisizounganishwa na mtandao wa chuo, na tukaonywa kwamba jambo lolote la propaganda husomwa humo tu. Chumba kilikuwa kidogo na chenye baridi, na zamu zake ziligombaniwa kama bomba la maji wakati wa ukame. Hata hivyo, nidhamu hiyo naisifu, na natamani ingekuwapo katika vyuo vyetu, ambavyo navyo vina wanafunzi wanaoishi chini ya sheria kali za ugaidi: ya Tanzania ni ya 2002 na ya Kenya ni ya 2012.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu lugha. Tulisoma shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kwa kuwa al-Shabaab walilisimulia kwenye Twitter huku likiendelea, na akaunti yao ikifungwa wanafungua nyingine. Lakini tulisoma machapisho ya Kiingereza peke yake. Jarida la Kiswahili ambalo kundi hilo lilianza kulisambaza mwaka 2012 kwa ajili ya vijana wa kwetu halikutajwa hata mara moja, mpaka nilipouliza. Semina nyingine ilihusu uamuzi wa Machi 2024, ambapo Bodi ya Usimamizi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, iliitaka kampuni hiyo iache kuondoa kwa jumla maudhui yenye neno la Kiarabu la shahidi, ambalo huweza kumaanisha aliyekufa kwa ajili ya dini, likihusishwa na watu waliotajwa kuwa hatari. Darasa zima lilijadili maana zake katika Kiarabu kwa saa mbili. Nilipoeleza kuwa kwa Mswahili wa kawaida shahidi ni mtu anayepanda kizimbani kueleza alichokiona, na kwamba mimi huwahoji mashahidi kila wiki, mwalimu alicheka, akaandika, akaendelea na slaidi inayofuata. Mtambo wa kuchuja maudhui uliofundishwa neno hilo kwa Kiarabu utaisomaje habari ya mahakama ya Kisutu? Hatukulijadili.

Kwenye tasnifu jambo hilo lilinigharimu muda. Nilitaka kuandika kuhusu ule ujumbe ambao kila mwenye simu Tanzania ameupata: «Ile hela tuma kwenye namba hii.» Kamati ya maadili ya utafiti ilitaka tafsiri ya kila ujumbe, nikaipeleka, nikarudishiwa na swali: hela ipi? Hilo ndilo lililokuwa hoja yangu. Neno ile linajifanya kwamba mazungumzo yalishaanza, kwamba kuna deni au mchango tunaoujua sote wawili, na mtu anayedaiwa kodi au ada kweli hujaza mwenyewe pengo lililoachwa na tapeli. Tapeli hadukui chochote. Anategemea kiashiria kimoja cha sarufi. Ilinichukua wiki tisa na barua mbili kuieleza kamati, na msimamizi wangu, mtu makini sana katika sheria ya ushahidi wa kielektroniki, alikiri kwamba katika sura hiyo hakuwa na la kunirekebisha. Utapeli wa fedha kwa simu ulipewa mhadhara mmoja tu katika kozi nzima, nao ulihusu benki za Ulaya. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulioanza kutumika Juni 2023 baada ya kusubiri miaka tisa, ulipewa dakika kumi.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada kubwa kuliko Mwingereza, na juu yake tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, inayodaiwa kabla viza haijatoka. Bila ufadhili nisingethubutu. Ningemshauri aende yule ambaye tayari ana tatizo lake la kazini analotaka kulichunguza, maana kozi inampa mtu vifaa vya kufikiria bila kumwambia avitumie wapi. Anayetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, akitumaini kwamba cheti kitamfungulia mlango wa kazi ya upelelezi, afadhali aanze na kazi yenyewe.

Na kwa atakayekwenda, asafishe kompyuta yake kabla ya safari ya kurudi. Askari wa viwanja vya ndege vya Uingereza wanaruhusiwa na sheria ile ile ya 2000 kumhoji msafiri hadi saa sita na kuipekua simu yake bila kuwa na tuhuma yoyote. Mimi kila nilichokisoma katika chumba kile cha baridi nilikiacha humo humo, nikapanda ndege na tasnifu yangu pamoja na jumbe mia tatu na kitu za ile hela.