Uzoefu wangu: wabunifu waliotuchorea jengo la abiria kwenye kiwanja cha machimbo, Nzega

Nasimamia safari za wafanyakazi kwenye machimbo ya dhahabu wilayani Nzega, mkoa wa Tabora. Abiria wetu wamezoea kusubiri ndege kwenye banda la bati, na mimi ndiye niliyepewa kufuatilia kazi ya ofisi iliyotuchorea jengo jipya. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mbunifu alikuja siku ya kupokezana zamu, akakaa nasi bandani tangu alfajiri. Akajionea mwenyewe kuwa hapa watu hawaji mmoja mmoja. Basi linashusha zamu nzima kwa mkupuo, ndege ikitua inashusha nyingine, wote wanabanana mlangoni na mabegi yao. Kwenye ramani sasa wanaoondoka wanaingilia mashariki, wanaofika wanatokea magharibi, na mlango mpana wa machela umenyooka hadi ndege inapoegeshwa, hauna kona hata moja. Aliyewahi kumpitisha majeruhi wa machimbo kwenye korido nyembamba ataelewa kwa nini nauthamini mlango ule.

Mizani nayo wameiwaza. Huku tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Jua likipanda hewa inakuwa nyepesi, na ndege inataka njia ndefu zaidi au mzigo pungufu. Kwa hiyo abiria na begi lake wanapimwa mapema, pale pale wanapoingia.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na ukuta wa vioo upande wa magharibi. Tuliukataa. Jua la jioni la Tabora lingewachoma watu hadi viti vya mwisho. Wakaligeuza jengo, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, paa likatoka nje na kufunika baraza pana. Marekebisho hayo yalituchelewesha sana, na ndiyo yaliyowapunguzia nyota.

Mama mmoja anayetuuzia chai aliniuliza, "Mwanangu, na sisi mmetuweka wapi?" Nikalifikisha swali lake kama lilivyo, wakamtengea yeye na wenzake sehemu barazani, yenye bomba la maji.

Jambo nililolisisitiza kuliko yote ni kesho ya jengo lenyewe. Mgodi wa Golden Pride, hapa hapa Nzega, ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990, na 2014 ukafungwa. Ndiyo maana paa letu linabebwa na nguzo za chuma, kuta za ndani hazibebi kitu: dhahabu ikiisha, ukumbi utageuzwa zahanati au madarasa bila kubomoa paa.

Ukitafuta watu wa kazi hii, hakikisha wamesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Na kabla hawajachora chochote, nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu kimo cha jengo na umbali wake kutoka njia ya kurukia vina masharti.