Ramani ya ubongo au mazungumzo? Nimelipia vyote viwili hapa Dallas

Dada zangu wa Kitanzania hapa Dallas, hasa sisi tunaofanya zamu za usiku kwenye makao ya wazee, wamekuwa wakiniuliza: ile huduma ya kupima ramani ya ubongo inafaa, au bora kwenda kuongea na mtaalamu wa afya ya akili? Nimepita kote kuwili, kwa hiyo naandika kama mteja. Kama una fungu moja tu la pesa, na kinachokusumbua ni wasiwasi, huzuni au kukosa usingizi, lipeleke kwenye mazungumzo.

Nianze na ramani, ambayo wenyewe huiita QEEG, yaani kupima mawimbi ya umeme ya ubongo na kuyachambua kwa kompyuta. Unavalishwa kofia ya kitambaa yenye vihisi 19, na kila tundu linatiwa jeli kwa sindano butu hadi ishike ngozi ya kichwa. Mwenye misuko ajue mapema: lazima ufumue nywele zote, uende na kichwa safi kisicho na mafuta. Nilipopiga simu kuweka miadi hakuna aliyenitajia hilo. Niliambiwa nikiwa mapokezi, nikarudishwa nyumbani na kupangiwa siku nyingine. Siku ya kipimo, kijana aliyenihudumia alikuwa mpole, ila alihangaika sana kuchambua nywele kisogoni ili jeli ifike. Baada ya hapo unakaa kimya, kwanza macho yamefumbwa, kisha yamefumbuliwa. Hakuna maumivu na hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Kofia inapokea tu.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kule Jena mwaka 1924. Kilichoongezeka ni kompyuta inayolinganisha mawimbi yako na ya watu wanaohesabiwa kuwa wazima, kisha inapaka rangi. Ripoti yangu ilikuwa nyekundu tele upande wa beta, yaani mawimbi ya kasi, na maelezo yake yalisema ubongo wangu uko macho kupita kiasi. Lakini nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na kikombe kikubwa cha kahawa tumboni, na kukosa usingizi, kahawa na dawa vyote hubadilisha mawimbi. Nilipouliza hilo limezingatiwaje, sikupata jibu la kueleweka. Nililopata ni mkataba wa vikao vya kufundisha ubongo kwa skrini inayofuata mawimbi yako, malipo kabla, bima haigusi. Bei ya ramani peke yake ingenilipia uchangiaji (kile bima inachokuachia ulipe mwenyewe) wa vikao vya mazungumzo kwa miezi mingi.

Katika yote hayo hakuna aliyeniuliza limenipata jambo gani.

Lakini sitaidhulumu. Mume wangu alikuwa akiniambia "ni mawazo tu, yatapita." Alipoiona ile karatasi ya rangi alikaa kimya, na tangu siku hiyo asubuhi anawapeleka watoto shule ili nilale. Kwa hilo naishukuru kofia. Ila karatasi hiyo haikuniambia nifanye nini kesho yake. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipoidhinisha mwaka 2013 kifaa cha aina hii, ilikuwa kwa kumsaidia daktari kuchunguza ADHD, tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, kwa watoto wa miaka 6 hadi 17, pamoja na uchunguzi wake mwenyewe. Haikuwa kwa kusoma huzuni ya mama wa miaka arobaini na kitu.

Upande wa mazungumzo, ubaya wake ni kungoja. Mtaalamu wa kwanza niliyempata alikuwa akitikisa kichwa tu na kuandika, nikamwacha. Kumbadilisha mtaalamu si utovu wa adabu, jamani. Wa pili ni mama mtu mzima anayetumia tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi ya kubadili unavyofikiri na unavyotenda, na yeye ndiye aliyeniuliza: mwili unaanza kushtuka lini?

Unaanza simu ikilia. Baba alifariki Tanga, na taarifa ilinifikia kwa WhatsApp saa tisa usiku, kule kwao ni mchana, mimi nikiwa namgeuza bibi mmoja kitandani. Tangu hapo mlio ule ukisikika popote, hata kwa simu ya mtu mwingine, moyo ulinienda mbio hadi nikajificha chumba cha mashuka. Wangapi wetu huku tunaiogopa simu ya nyumbani?

Yule mama alinifanya niweke simu mezani na kuupiga mlio ule ule, kwanza kwa sauti ya chini, mikono magotini, nisiizime mpaka moyo utulie wenyewe. Kisha tena, sauti juu kidogo. Nyumbani niliendelea hivyo hivyo jikoni nikimenya viazi. Nilitaka kumwomba kaka yangu awe anaandika "kwema" kabla ya kupiga. Yule mama akanikatalia. Alisema kwanza nijifunze kupokea bila kuhakikishiwa, la sivyo siku "kwema" isipoandikwa nitaanguka upya. Nilikasirika, lakini sasa napokea simu bila kujificha.

Kwa usingizi alinipa daftari na masharti: kitanda ni cha kulala tu, na usingizi usipokuja niinuke nikakae kitini mpaka kope zizidiwe. Wiki za mwanzo nilichoka kuliko awali, na alikuwa amenionya. Njia hii, ambayo ni tiba ile ile ya utambuzi na tabia kwa ajili ya usingizi, haikuzuka juzi. Chama cha madaktari cha American College of Physicians kiliitaja mwaka 2016 kuwa tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya vidonge.

Kiingereza cha kazini ninacho, ila msiba wa baba sikuweza kuusema kwa Kiingereza. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya hapa zinatakiwa kukupa mkalimani bure, kwa hiyo omba siku ile ile unapoweka miadi, na usimtumie mtoto wako. Wangu alikuwa baba wa Kikongo kwenye simu. Kiswahili chake na changu vimepishana, tukaelewana. Mkalimani anabanwa na siri ya mgonjwa, na kama unaogopa kujulikana kwa sababu Waswahili huku ni wachache, omba awe wa simu.

Mtu anayeanguka na kupoteza fahamu, au mtoto anayekodoa macho ghafla asiitike, hayo ni mengine kabisa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu apimwe EEG ya kawaida, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachosomwa na daktari, maana kwenye kifafa vihisi vile ni msaada wa kweli.

Na kama bado moyo unakutuma kwenye ramani, kabla hujatoa kadi uliza: nani ataisoma, ana leseni gani, na matibabu yangu yatabadilika nini rangi zikitoka hivi au vile? Leseni ya mwanasaikolojia au mshauri wa afya ya akili wa Texas unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya Texas Behavioral Health Executive Council. Andika jina lake tu.