Kabati la chumba changu cha ushoni: nyota tatu, mbili, au hata moja ni nyingi

Nilikuwa nimekwisha kuamua kuwapa nyota tatu watu hawa wa makabati ya kupimiwa, na lau si simu waliyompigia mume wangu, tathmini hii ingekuwa fupi na ya heshima. Jina la duka nimelihifadhi. Neno langu ni juu ya kazi waliyoifanya, na juu ya namna wanavyozungumza na mteja pindi kazi hiyo inapoharibika.

Mimi hushona kofia za kutoboa kwa mkono, na msimu wa harusi ukifika hushona madera pia. Kwa miaka mingi kazi yote hii ilifanyika sebuleni, bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, ikiwa chini ya mto wa kiti na nyuzi ndani ya makopo ya biskuti, mpaka mwanangu mkubwa alipooa na chumba chake kikabaki wazi. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mombasa, ni ya kale, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari inashikiliwa na boriti za mikoko. Wanaoishi katika nyumba za namna hii wanajua kwamba upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo chumba huwa kirefu lakini upana wake haufiki mita tatu. Ukiweka kabati nene upande mmoja na meza ya kukatia upande wa pili, utapita ubavu-ubavu siku zote. Nilichoagiza basi kilikuwa wazi: kabati jembamba la droo fupi fupi kwa ajili ya nyuzi, bafta na vipande vilivyokwisha kuchorwa, droo moja ya kina kwa doti za leso ambazo hazijakatwa, na meza ya kukatia yenye nafasi ya majora chini yake. Cherehani ingebaki dirishani, kwenye mwanga.

Meza ni nzuri, na hilo nalisema kabla hasira haijanizidi. Kijana waliyemtuma kuja kupima aliniomba nisimame, nishike mkasi, nijifanye nakata kitambaa, kisha akapima kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya kiwiko changu na kuandika kimo hicho. Hakuniuliza nataka sentimita ngapi. Pembe zote alizipiga msasa kwa mkono, akapitisha kipande cha hariri juu yake kuona kama kitanasa, na hakikunasa. Tangu siku hiyo mgongo haujaniuma nikikata. Ni yeye pia aliyeona kwamba plasta ya chokaa haitashika skrubu, akashauri kabati lisimame kwa miguu yake badala ya kuning'inizwa ukutani. Kijana huyo ningempa nyota zote.

Kabati lenyewe ndilo msiba. Lilipoletwa kwa mkokoteni, maana gari halipiti katika kichochoro chetu, lilikuwa linang'aa kwa weupe na kila droo iliteleza kwa kidole kimoja. Masika yaliposhika, droo ya pili kutoka juu ikaanza kusita. Baadaye ikawa haifunguki mpaka uitikise. Asubuhi moja, nami nina mteja amekaa barazani anasubiri kuonyeshwa kofia ya bwana harusi, niliivuta na ubao wa mbele ukang'oka wote, ukabaki mkononi pamoja na kishikio chake, huku droo yenyewe ikiwa imekwama ndani na kofia humo humo. Niliugeuza ubao ule nikauangalia. Ulikuwa umeshikwa kwa gundi na pini nne nyembamba za kupigwa kwa bunduki ya misumari, hapana skrubu hata moja. Ukingo wake wa chini, ambao haukuvishwa utepe wala kupakwa vanishi, ulikuwa umefura kama andazi lililozidishwa hamira, na nilipoukwaruza kwa ukucha, unga wa mbao ulimwagika sakafuni.

Mbao hizi za unga wa mbao na gundi si haramu. Zina kazi yake, na ukingo ukizibwa vizuri kila upande huweza kukaa miaka. Lakini ukingo ukiachwa wazi hunywa unyevu wa hewani, hufura, na ukishafura haurudi tena kama ulivyokuwa, hata jua liwake vipi. Fundi yeyote wa pwani analijua hili. Hewa ya Mombasa haikuanza mwaka huu. Masika huja kila mwaka na mwezi wa Mei ndio huwa na mvua nyingi kuliko yote. Waliponiuzia kabati hili walikuwa wamekaa Mombasa, dukani mwao mkiwa na feni tatu zinazozunguka kwa sababu ya joto na unyevu huo huo.

Kofia tuliipata kwa kuondoa droo ya juu na kupenyeza mkono, lakini baada ya siku kadhaa. Kila mshona kofia huiacha sindano kwenye kazi anapoiweka kando jioni, na sindano yangu ilikuwa imeshika kutu humo ndani, ikaacha alama ya rangi ya chai kwenye ukanda wa pembeni, palepale penye vitobo vidogo kabisa. Nilipaka ndimu na chumvi, nikaianika juani, nikarudia, na alama ikafifia. Mteja alisema haioni. Mimi naiona.

Nilipiga simu dukani. Msimamizi aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, "Mama, hiyo ni hali ya hewa, hata sisi hatuna la kufanya. Jaribu kupunguza vitu ndani ya droo." Vitu vyenyewe ni nyuzi na vipande vya bafta! Droo ile, na vyote vilivyomo, mtoto wa chekechea angeibeba. Nikamweleza habari za ukingo na za pini, nikamwambia kwamba sehemu ya malipo bado iko kwangu na haitatoka mpaka droo zirekebishwe. Akasema atalishughulikia.

Alivyolishughulikia ni hivi. Mume wangu hufanya kazi bandarini Kilindini, na namba yake walikuwa nayo kwa sababu ndiye aliyewaelekeza wenye mkokoteni siku ile. Wakampigia akiwa kazini, wakamwambia, "Mzee, mama watoto amekuwa mkali kidogo. Tungeomba tuelewane sisi wanaume." Pesa za kabati zilitoka kwenye kofia zangu, agizo nililiandika mimi, na risiti ina jina langu. Mume wangu hajui hata droo ya nyuzi ni ipi, alinisimulia baadaye kwamba aliwajibu, "Chumba kile mimi mwenyewe huingia kwa kubisha hodi. Ongeeni na mwenyewe." Nyota ya tatu iliondoka jioni hiyo.

Hata hivyo nilikuwa tayari kubaki na mbili, pengine hata kurudisha ile ya tatu, kwa sababu yule kijana wa meza alikuja baada ya hapo. Alizichomoa droo zote, akazipiga msasa kingo, akazipaka vanishi tabaka baada ya tabaka huku akisubiri kila moja ikauke, na akaniambia waziwazi kwamba reli zilizotumika kubeba droo ni za bei ya chini na zinahitaji kubadilishwa. Droo nyingi sasa zinafunguka. Nikawaza kwamba duka lenye fundi wa namna hii haliwezi kuwa bovu kabisa, na kwamba mtu akitaka meza tu, na akamwomba kijana huyo kwa kumtaja, atapata kazi ya maana.

Kisha ukaja ujumbe wa kunidai ada ya ziara ya fundi. Ada, kwa kuja kuziba kingo ambazo zilipaswa kuzibwa kabla kabati halijatoka karakana! Basi nyota ni moja, nayo ni ya meza. Kwa wanaopanga chumba kama changu, kagueni kingo kwa kidole kabla ya kupokea mzigo, chini ya droo na nyuma yake, na muulize mbele ya droo kumefungwa kwa skrubu au kwa pini. Siku watakayoleta reli mpya na kuufunga ule ubao kwa skrubu, salio lao nitawapa siku hiyo hiyo. Hiyo ada ya ziara wamdai yule waliyetaka kuelewana naye kiume, ingawa nimekwisha kumwonya asitoe hata shilingi.