WD Red Plus ya terabaiti 4 kama diski mbadala ya kompyuta ya mezani

Diski ngumu ya kompyuta yangu ilianza kwa mlio wa kugongagonga, ambao kwa siku mbili niliusingizia waya wa SATA unaoiunganisha diski na kompyuta, mpaka programu ya CrystalDiskInfo iliponionyesha kwamba sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zenye mashaka zilikuwa zikiongezeka kila nilipoitazama. Niliokoa nilichoweza, kisha nikanunua diski mpya kwa pupa, nikiangalia ukubwa na bei tu. Faili za mwanzo ziliingia vizuri, lakini nilipoanza kurudisha picha na video zote, kasi iliporomoka kutoka megabaiti 150 kwa sekunde hadi chini ya 20, na kazi ya saa chache ikakesha hadi asubuhi.

Chanzo kilikuwa namna diski hiyo inavyorekodi, iitwayo SMR. Katika diski za SMR, njia za data hupandana kama mabati ya paa, kwa hiyo kubadilisha njia moja hulazimu zile zilizo jirani nayo ziandikwe upya, ilhali katika CMR kila njia hujitegemea. Anayehifadhi filamu asizozigusa tena huenda asione tofauti. Anayeandika na kufuta kila siku ataiona. Jina la bidhaa pekee halimkingi mnunuzi, kwani mwaka 2020 Western Digital (WD) yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilitumia SMR, na leo zile za CMR ndizo zinazouzwa kwa jina la Red Plus. Kinachofaa kusomwa ni namba ya modeli kwenye lebo, kisha ilinganishwe na jedwali la mtengenezaji.

Safari ya pili nilichukua WD40EFPX, Red Plus ya terabaiti 4, yenye waranti ya miaka 3, wakati WD Blue na BarraCuda (ya Seagate) za kawaida huja na miaka 2. Kabla ya kuikabidhi faili yoyote niliiendeshea jaribio refu la SMART, yaani diski kujikagua yenyewe, ambalo lilichukua takriban saa nane na halikukuta hata sekta moja mbovu. Picha zilezile zilizonikesheza ziliingia bila kasi kuyumba. Kwa kuwa inazunguka mara 5400 tu kwa dakika, singeweka mfumo endeshi ndani yake. Huo niliuacha kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na diski hii inabeba faili peke yake.