Nimemlipa gaidi aje amcheke mama yangu, Grimspound

Kwanza wajue wote wanaopanga kwenda: kuingia Grimspound, magofu ya kijiji cha kale cha mawe huku Uingereza, ni bure. Bure kabisa, hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna hata banda la kuuza chai, unaacha gari pembeni ya kabarabara kembamba huko kwenye nyika ya Dartmoor unapanda kidogo umefika. Mi sikujua. Mi nikalipa kampuni ya matembezi, jina nalihifadhi, wakatupa gaidi wa kutuongoza na kweli alikuwa gaidi kwa maana zote mbili.

Ilikuwa mwezi wa tisa au wa kumi hivi, mama alikuja kutusalimia Uingereza, keshachoka kukaa ndani Plymouth anahesabu mvua dirishani. Mama kazaliwa Bahi, Dodoma, utoto wake wote kachunga ng'ombe wa babu. Shikeni hapo.

Tumefika, ukungu unakuja unaondoka, upepo unakata masikio. Kuna ukuta wa mawe umezunguka duara kubwa, ndani yake mabaki ya nyumba za msonge 24, yamebaki mawe ya chini tu, mapaa yalishaoza zamani. Watu wa Zama za Shaba hao, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mi nilisisimka, sikatai. Gaidi akapanda juu ya jiwe akaanza: hii ilikuwa ngome, mara wapiganaji, mara mikuki, mara maadui wanakuja usiku, na kifimbo chake anakipunga hewani.

Mama akaniuliza anasemaje, nikamweleza. Akatazama kilima cha huku, Hookney Tor, akatazama cha kule, Hameldown, sisi tupo bondeni katikati. Akasema, "Mwanangu, muulize huyo kijana, ngome gani hiyo adui akisimama pale juu anaona mpaka kilichomo chunguni? Hili zizi."

Nikamfikishia gaidi, kwa adabu zote. Akacheka. Sisemi alitabasamu, alicheka, halafu akawageukia wazee wawili tuliokuwa nao kwenye kundi akawaambia mambo ya hapa sio kama ya Afrika. Akarudi kwenye mikuki yake.

Mama Kiingereza hajui ila kicheko alikielewa. Akajifunga khanga yake vizuri juu ya koti akaondoka zake taratibu kwenda kukagua. Mi nimebaki nimevimba, natafuta neno la Kiingereza la kumtukana mtu bila kuonekana umetukana, silipati. Baadaye mama akaniita kwenye kinyumba kimoja ambacho mlangoni kina ukuta mfupi umepinda kama mkono uliokunjwa. Akainama akapita, akachuchumaa ndani, akaniambia njoo usikie. Nikachuchumaa. Upepo kimya! "Wamepindisha ili moto usizimike," akasema, akapangusa jiwe kwa kiganja kama anakaribia kukaa jikoni kwake. Hilo gaidi hakutuonyesha. Muda wote yuko vitani.

Usiku nikaingia intaneti na hasira zangu. Hivi mnajua hilo jina maana yake nini? Grim wanalihusisha na Odin, mungu wao wa zamani, na pound ni zizi. ZIZI! Jina lenyewe linasema, na wataalamu walishaitupa hiyo habari ya ngome kwa sababu ileile aliyoitoa mama, kwamba vilima vinaichungulia. Mtu anakula hela ya watu kila wiki na hajawahi kujiuliza jina la mahali anapofanyia kazi.

Nikataka kutoa nyota moja. Halafu nikaendelea kusoma, kumbe mwaka 1894 kuna watu walichimba pale, Baring-Gould na wenzake, na baadhi ya mawe waliyasimamisha upya walivyoona wao, mpaka wenzao wakalalamika. Sasa sijui hata ule ukuta uliopinda ni mkono wa mchungaji wa kale au wa hao wazee wa 1894. Sijamwambia mama na usimwambie.

Mahali penyewe nyota tano, nendeni, vaeni viatu vya tope na msilipe mtu. Gaidi sifuri. Au basi moja, maana tunashuka mvua ikatupiga ya ubavuni na yeye mwenyewe, bila kuombwa, akavua glovu zake akamvalisha mama, kidole kimoja kimoja kama anamvalisha mtoto, na mama akamwambia asante baba. Mi sikumwambia kitu.

Glovu zimeshafika Bahi, mama anavaa asubuhi akienda kukamua. Kampuni waliniandikia meseji kuziulizia, nimewapa jibu kwamba mambo ya huko sio kama ya Uingereza.